Umri wa Mtungi wa Kichina: Ushahidi wa Kaure kutoka Kilwa hadi Ufuo wa Nyasa

1.0 Utangulizi



Atembeaye katika magofu ya Kilwa Kisiwani, Kaole au Gedi hukuta vigae vyeupe vilivyochorwa kwa rangi ya buluu. Hivyo ni vigae vya kaure, yaani udongo mweupe uliochomwa katika tanuri kwa joto linalokaribia nyuzi 1,300 za Selsiasi hata ukawa mgumu kama kioo. Vingi vilitoka Jingdezhen, katika jimbo la Jiangxi nchini China. Mhadhara huu unakusudia kueleza namna umri wa vyombo hivyo unavyotafutwa, kwa kuanzia pwani ambako ushahidi ni mwingi, kisha kuelekea bara hadi Mbinga na ufuo wa Ziwa Nyasa.

Hoja yetu kuu ni kwamba kila chombo cha kigeni kina umri wa namna tatu: umri wa kuchomwa, umri wa kuwasili na umri wa kufukiwa. Anayezichanganya namna hizo tatu huupotosha wakati wa watu waliokitumia chombo.

2.0 Uzito wa Suala Lenyewe

Suala hili si la wakusanyaji wa mapambo pekee. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwako walowezi walioshikilia kwamba majengo ya mawe ya Zimbabwe yalijengwa na wageni wa zama za kale. Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba huko, akatumia vitu vilivyoagizwa kutoka ng'ambo, vikiwemo vyombo vya Kichina, kuonyesha kwamba majengo hayo ni ya karne za kati na ni kazi ya Waafrika. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson aliithibitisha hoja hiyo kwa uchimbaji wa makini zaidi. Hivyo vigae vichache, vilivyosomwa kwa uangalifu, vilisaidia kuwarudishia watu urithi wao.

3.0 Chombo Chenyewe Kinasema Nini

Buluu na nyeupe ya Jingdezhen ilistawi kuanzia robo ya pili ya karne ya 14. Nguzo ya upimaji wetu ni jozi ya vyombo virefu vya maua iliyomo katika British Museum, London, ambayo maandishi yake yanataja mwaka unaolingana na 1351. Vyombo visivyo na maandishi hulinganishwa na vile vyenye tarehe.

Wengi hukimbilia alama iliyoandikwa kwenye kitako, ambayo hutaja enzi ya mfalme: Xuande (1426–1435), Chenghua (1465–1487), Jiajing (1522–1566), Wanli (1573–1620) au Kangxi (1662–1722). Alama hiyo ni shahidi wa kuhojiwa. Wafinyanzi wa enzi ya Kangxi waliandika jina la Chenghua kwa kuwaenzi mabwana wa zamani, na wale wa karne ya 19 wakaandika jina la Kangxi. Kwa hiyo alama hueleza tu kwamba chombo hakikutangulia enzi iliyotajwa.

Kitako husema zaidi kuliko jina lililoandikwa juu yake. Mchunguzi hutazama namna pete ya kitako ilivyokatwa, kama sehemu isiyopakwa ngozi ya kioo imegeuka rangi ya chungwa, na kama chembe za mchanga wa tanuri zimeganda. Rangi nayo hupimwa. Kobalti iliyoagizwa kutoka Uajemi katika karne ya 14 ilikuwa na chuma kingi na manganizi kidogo, ilhali ile ya China yenyewe, ambayo matumizi yake yaliongezeka kuanzia karne ya 15, ina manganizi nyingi. Uwiano huo hupimwa kwa eksirei bila kukivunja chombo.

4.0 Mahali Chombo Kilipokutwa

Umri wa kuchomwa ukishajulikana, bado hatujajua chombo kiliishi muda gani. Hapa fasihi yetu inatusaidia. Mshairi wa Al-Inkishafi, aliyeomboleza kuanguka kwa Pate, anazitaja zidaka, yaani vishubaka vya ukutani vilivyowekwa sahani katika nyumba za waungwana. Sahani iliyowekwa ukutani kwa fahari haivunjiki haraka kama ile ya jikoni. Huweza kurithiwa na vizazi kadhaa. Kwa sababu hiyo, bakuli la karne ya 16 likikutwa katika tabaka la karne ya 18, si lazima tabaka liwe limevurugika.

Aidha, bakuli za kaure zilijengewa katika makaburi ya pwani. Mengine, kama ya Kaole, yamebaki na vishimo vya mviringo tu, bakuli zenyewe zikiwa zimeng'olewa. Bakuli lililomo ndani ya chokaa linatupa mpaka wa chini: kaburi halikujengwa kabla ya bakuli kuchomwa.

Mpaka wa juu hutokana na merikebu zilizozama. Mwaka 1697, wakati Ngome ya Yesu ilipokuwa imezingirwa na Waomani, merikebu ya Kireno Santo António de Tanná ilizama Mombasa. Wanaakiolojia waliichimba kati ya 1977 na 1980, na kaure ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyopatikana. Kila kilichokuwamo kilichomwa kabla ya siku ile ya kuzama. Chombo cha aina hiyohiyo kikikutwa nchi kavu, tunao ulinganisho wenye tarehe.

5.0 Kutoka Kilwa hadi Mbinga

Je, elimu hii inafaa nini kwa mtafiti wa Mbinga, au wa Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012? Inafaa, kwa kuwa nchi hiyo haikutengwa na Bahari ya Hindi. Mwaka 1616 Mreno Gaspar Bocarro alisafiri kwa miguu kutoka Tete hadi Kilwa, akavuka Ruvuma. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliunganisha ziwa na Kilwa. Njia ilikuwapo; bidhaa za pwani zingeweza kupita.

Hata hivyo, mazingira ya huko yana masharti yake. Katika milima ya Wamatengo, kilimo cha ngoro hupindua udongo mara kwa mara: nyasi hulazwa kwa mistari, udongo ukafukuliwa na kurundikwa juu yake, na vishimo vipya vikachimbwa. Kigae kilichomo shambani huweza kupanda na kushuka, na tabaka lake likapoteza ushahidi. Hapo kigae hulazimika kujieleza chenyewe.

Swali la kwanza basi liwe: je, ni cha Kichina kweli? Katika karne ya 19 viwanda vya Ulaya, kikiwemo cha Petrus Regout mjini Maastricht, vilisambaza vyombo vya udongo vilivyopambwa, navyo viliuzwa sana kupitia Zanzibar. Mvunjiko wa kaure ni laini, mweupe na haunywi maji. Wa chombo cha Ulaya cha aina hiyo una vinyweleo, na hunata kidogo kwenye kidole kilicholowa. Mchoro wa Kichina una nyayo za brashi. Mchoro wa kiwandani mara nyingi ni wa chapa, wenye nukta ndogo na viungo visivyokutana sawasawa. Alama yenye jina la nchi, kama England, kwa kawaida ni ya mwaka 1891 na kuendelea, kufuatia sheria ya forodha ya Marekani.

Tofauti hiyo ina matokeo ya kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inakihesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Mtungi wa enzi ya Wanli una ulinzi huo. Sahani ya kiwandani ya mwaka 1900 haina.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba alama, kitako na kobalti hueleza umri wa kuchomwa. Kaburi, tabaka na merikebu huweka mipaka ya matumizi. Umri wa kuwasili hupatikana kwa kuyaoanisha hayo yote. Ndiyo maana chombo kinachong'olewa kaburini na kuuzwa hubaki na thamani ya sokoni, lakini hupoteza theluthi mbili za umri wake. Mwanafunzi atakayeonyeshwa kigae Mbamba Bay au Liuli, kabla ya kuuliza ni cha mfalme gani, na aulize kilitoka wapi ardhini, na kilikuwa pamoja na nini. Majibu hayo ayaandike palepale, kabla kigae hakijaondoka.