Henry Clay Frick: Picha na Jasho

Miongoni mwa majumba ya sanaa yanayosifiwa mno nchini Marekani ni lile lililoko Fifth Avenue, New York, ambalo zamani lilikuwa nyumba ya tajiri Henry Clay Frick. Aingiaye humo huziona kazi za Rembrandt, Vermeer na Bellini. Inafaa tujue pia fedha za kuzinunulia zilichumwaje.

Frick alizaliwa Pennsylvania mwaka 1849. Mwaka 1871 alianza biashara ya kuchoma makaa ya mawe katika matanuri, ili yapatikane makaa magumu ya kuyeyushia chuma. Uchumi ulipoanguka mwaka 1873 alinunua mali ya waliofilisika, na alipofikisha miaka 30 alikwisha kuwa milionea. Baadaye akashirikiana na Andrew Carnegie, akawa msimamizi wa viwanda vyake vya feleji.

Mwaka 1892, katika kiwanda cha Homestead, Frick aliazimia kupunguza ujira na kukivunja chama cha wafanyakazi. Carnegie alikuwa Uskochi, naye alimwachia uamuzi. Wafanyakazi wakafungiwa milango. Alfajiri ya tarehe 6 Julai, walinzi wa kukodi 300 waliletwa mtoni kwa matishari mawili. Wafanyakazi waliwazuia, risasi zikalia, na watu wapatao 10 wakafa, wengi wao wafanyakazi. Jimbo likatuma askari, vibarua wapya wakaingizwa, na ilipofika Novemba chama kilikwisha kushindwa.

Frick naye hakuepukana na misiba. Binti yake Martha alifariki mwaka 1891 kabla hajatimiza miaka sita. Julai 1892 Alexander Berkman alimpiga risasi ofisini mwake, akapona. Mwezi uliofuata akamzika mwanawe mchanga.

Mwaka 1906 alinunua picha ambayo Rembrandt alijichora mwenyewe mwaka 1658. Mchoraji huyo alikwisha kufilisika, lakini humo amejivika vazi la dhahabu na kuketi kama mfalme. Kazi ya fukara huyo ikawa fahari ya tajiri.

Frick alifariki mwaka 1919. Aliusia nyumba na picha ziwe wakfu kwa umma, pamoja na dola milioni 15 za kuzitunza. Milango ilifunguliwa mwaka 1935, baada ya kufariki mjane wake.

Je, ukarimu wa mwisho hulipa dhuluma ya mwanzo? Kwa maoni yetu, waliofaidika na wakfu ule ni watazamaji. Wale waliokatwa ujira Homestead hawakurudishiwa kitu. Hata hivyo hatusemi picha zisitazamwe, kwani uzuri wake si kosa la wachoraji. Wazazi wenzetu, watoto wetu wanapopelekwa na shule zao kwenye majumba kama haya, tuwazoeze kuuliza maswali mawili: nani aliyeichora picha hii, na nani aliyeitolea jasho ikafika hapa?