Akili mnemba na daftari la mchuuzi wa mpakani

Ukisimama hapa Kiriri, mji wa Bujumbura wote uko chini yako: bandari, ziwa, na ng'ambo ile milima ya Kongo. Jioni moja shemeji yangu, muuza vitenge, alisimama uani kwangu akiyatazama hayo bila kuyaona. Mabelo yake matatu yalitoka Dar es Salaam siku 9 zilizopita. Kila akipiga simu, dalali alijibu: "Lori liko Nyakanazi, mama, kesho linaondoka."

"Mwalimu," akaniuliza, "hiyo akili mnemba inayosemwa redioni haiwezi kuniambia mzigo wangu uko wapi?"

Swali zuri. Huko Marekani, mwaka 2025, kampuni ya Aurora ilianza kusafirisha mizigo kati ya Dallas na Houston kwa malori yasiyo na dereva. Wiki chache baadaye mtu alirudishwa kwenye kiti cha dereva, kwa ombi la mtengenezaji wa malori. Kwetu, njia ya zaidi ya kilomita 1,500 yenye mizani, ng'ombe na bodaboda bado inamhitaji dereva na utingo wake.

Mabadiliko yanaingia kwa mlango mwingine. Mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zilizindua mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo kwa lakiri za kielektroniki. Lakiri ikifunguliwa njiani, au lori likiacha njia yake, forodha hupata taarifa. Mwaka huohuo kampuni ya Lori Systems ya Nairobi, inayokutanisha wenye malori na wenye mizigo, ilishinda shindano la TechCrunch la kampuni changa za Afrika.

Kumbukumbu za safari kama hizo ndizo chakula cha akili mnemba. Inazisoma, inakadiria siku ya kufika, na inatafuta mzigo wa kurudi. Huo wa kurudi ndio unaotuumiza. Burundi huagiza vingi na kuuza nje vichache, hasa kahawa na chai. Malori mengi hurudi matupu, na gharama ya safari hiyo tupu huingizwa katika nauli tunayolipa sisi.

Lakini mashine hujua kilichoandikwa tu. Mwenye mabelo matatu ndani ya lori la mzigo wa mwingine, bei kwa simu, bila karatasi yenye jina lake, kwake hayupo. Wakubwa watapata nafuu, na mdogo atabaki na dalali wake.

Haya si mageni kwetu tuliorudi. Mimi nilisoma kambini, mkoani Kigoma. Niliporejea, cheti changu kilinifungulia mlango. Wenzangu wenye ujuzi uleule, ila vyeti vyao vilipotelea njiani, walizungushwa hadi wakachoka.

Jioni ile tulifungua daftari la shule. Tukapiga mistari: tarehe, namba ya lori, uzito, bei tuliyopatana, siku ya kufika. Safari ijayo shemeji na wenzake watano sokoni watasafirisha pamoja, kwa hati moja yenye majina yao yote.

Mabelo yalifika siku ya 12. Kabla ya kuyafungua, aliandika.