Fahamu: Madoa meusi kwenye maua ya chungu, ni volkano au ukungu?

Huko Munigi, ambako Januari 2002 ardhi ilipasuka na lava ikashuka hadi mjini Goma, jani likiota doa jeusi lawama huangukia volkano ya Nyiragongo kwanza. Lawama hiyo ina msingi. Gesi ya salfa inayotoka kwenye kreta huchanganyika na mvua ikawa tindikali, na tindikali huunguza majani. Lakini moshi wa volkano hauchagui. Ukipita, huacha alama ndani ya siku moja au mbili kwenye maharagwe, migomba na maua ya barazani kwa pamoja, hasa upande ulionyeshewa, kisha madoa hayaongezeki. Ua lililo ndani, mbali na dirisha, likiwa na madoa yanayokua wiki hadi wiki kuanzia majani ya chini, yenye ukingo wa manjano, hapo mshukiwa ni ukungu au bakteria.

Mtu atasema: basi nipulize dawa tu, yote yatapona. Hapana. Dawa ya ukungu haiponyi jani lililoungua, na hata lenye ukungu halirudi kijani. Dawa hulinda tu majani ambayo bado ni mazima. Kinachosaidia zaidi ni bure: kata majani yenye madoa uyatupe mbali, mwagilia udongo bila kulowesha majani, tenganisha vyungu hewa ipite. Na maji ya paa la bati yaliyokingwa siku ya moshi mzito (hata kama maji ni shida) yasiguse majani.