Ulizo katika Bunge la Waingereza: Nguvu Yake na Mupaka Wake

Mara kwa mara tunasikia katika radio kwamba mubunge fulani wa Uingereza amemuuliza waziri juu ya biashara, juu ya kazi ya watumishi, ao, katika siku za zamani, juu ya makoloni. Wengi wanadharau jambo hilo. Wanasema: ulizo ni maneno tu, upepo unayachukua. Wengine wanafikiri kwamba mubunge akiisha kuuliza, shida nayo imekwisha. Wote wawili hawaoni vizuri. Basi tueleze kwanza jambo lenyewe, kisha tuone namna lilivyogusa Kongo yetu na majirani yetu, na mwishoni tuseme linataka nini kwetu, mapadri, waseminari na wakatekista.

I. Ulizo la Bunge ni nini?

Bunge la London lina mabaraza mawili: Baraza la Mabwana, na Baraza la watu waliochaguliwa na raia. Ulizo la kwanza linalokumbukwa liliulizwa katika Baraza la Mabwana mwaka wa 1721, nalo lilihusu biashara. Bwana Cowper alitaka kujua kama ni kweli kwamba mutunza-feza wa kampani kubwa, South Sea Company, amekimbia inchi na kukamatwa. Toka hapo desturi ikakua, mupaka ikawa sheria.

Sheria zake kubwa ni tatu. Ya kwanza: ulizo liwe ulizo kweli, si hotuba. Ya pili: lihusu jambo lililo chini ya mamlaka ya waziri yule. Ya tatu: mwenye kuuliza achukue mwenyewe daraka ya ukweli wa habari anazozitia ndani ya ulizo lake.

Ulizo linaandikwa mbele ya siku yake, ili waziri atafute jibu. Lakini waziri akijibu kwa kinywa, mubunge anaweza kuongeza ulizo la pili ambalo halikuandikwa. Hapo ndipo waziri anapojaribiwa, kwa maana karatasi aliyotayarishiwa haimusaidii tena. Kisha maneno yote yanatiwa katika kitabu kinachoitwa Hansard, ambacho kila mutu anaweza kukisoma.

Nguvu ya ulizo ni hiyo. Mubunge hana askari wala gereza. Lakini neno la waziri linafungwa katika kitabu, na kesho anaweza kuonyeshwa neno lake la jana. Waziri akidanganya Bunge kwa kujua, desturi inamutaka aache kazi yake.

II. Kongo, mwaka wa 1903

Mutu atasema: Kongo haikuwa koloni la Waingereza. Mawaziri wa London waliulizwaje juu yake? Jibu ni hili: katika mapatano ya Berlin ya mwaka wa 1885, Uingereza ilitia saini pamoja na mataifa mengine kwamba biashara katika bonde la Kongo itakuwa huru, na wenyeji watalindwa. Mwenye kutia saini anaweza kuulizwa kama mapatano yanafwatwa.

Karani mumoja wa kampani ya mashua ya Liverpool, E. D. Morel, alitazama hesabu za bandari ya Antwerp. Aliona mashua zinatoka Kongo zimejaa mpira na meno ya tembo, lakini zinarudi Kongo na bunduki na risasi, pasipo bidhaa za kutosha za kulipa watu. Akafahamu: hii si biashara, ni kazi ya nguvu. Mubunge Charles Dilke alikwisha kusema juu ya Kongo katika Bunge mwaka wa 1897, lakini hakusikilizwa sana. Siku ya 20 mwezi wa tano 1903, Herbert Samuel alileta jambo lile tena, na Baraza likakubali pasipo hata kuhesabu kura.

Serikali ikamutuma konsuli wake wa Boma, Roger Casement, aende kuona kwa macho. Casement alipanga mashua ya wamisioni, ili asisafiri katika mashua ya Bula Matari, akasikia tu yale ambayo Bula Matari alipenda asikie. Akauliza watu kijiji kwa kijiji, akaandika. Habari yake ilichapwa mwezi wa pili 1904. Lakini wakubwa wa London waliondoa majina ya watu na ya vijiji, wakaweka herufi tu. Casement alikasirika, kwa maana habari isiyo na jina ni rahisi kukanwa.

Mufalme Leopold II akalazimishwa kutuma tume ya waamuzi watatu, iliyosikia watu wa Kongo wenyewe katika miaka ya 1904 na 1905. Mbele ya tume ile mukubwa mumoja wa Bolima, jina lake Lontulu, aliweka juu ya meza vijiti 110. Kila kijiti kilikuwa mutu wake mumoja aliyeuawa juu ya mpira. Hakujua kuandika, lakini alijua kuhesabu wafu wake, na waamuzi hawakuweza kumwambia kwamba anasema ovyo. Mwaka wa 1908 Ubeljiji ikaichukua Kongo mikononi mwa mufalme.

Tuseme pia ukweli unaotuhusu. Katika miaka ile, wamisioni waliopeleka habari nje zaidi sana walikuwa Waprotestanti. Wakatoliki wengi walichelewa kusema. Padri Arthur Vermeersch, Muyezuiti wa Ubeljiji, alitoa kitabu cha kuihukumu hali ya Kongo mwaka wa 1906, lakini hakuwa na wenzake wengi.

III. Kenya: kazi ya nguvu, kisha Hola

Mwaka wa 1919 Gavana wa Kenya, Edward Northey, aliwaagiza watumishi wa serikali wahimize Waafrika kwenda kutumika katika mashamba ya Wazungu. Kuhimiza kwa mukubwa mwenye askari ni kulazimisha. Askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, Frank Weston, akaandika kwa ukali juu ya jambo hilo, na Bunge la London likauliza. Mwaka wa 1921 Winston Churchill, aliyekuwa Waziri wa Makoloni, akatoa agizo kwamba watumishi wa serikali wasitafutie tena mabwana wa mashamba wafanyakazi wao.

Lakini habari ya Hola inaonyesha pia mupaka wa ulizo. Siku ya 3 mwezi wa tatu 1959, wafungwa 11 walikufa katika kambi ya Hola. Tangazo la kwanza la serikali lilionyesha kana kwamba walikufa kisha kunywa maji. Waziri wa London anajuaje ukweli? Anamuuliza Gavana, Gavana anauliza mukubwa wa kambi, na mukubwa wa kambi ndiye mwenye kushitakiwa! Jibu linapita njia ileile ya uongo na kufika Bungeni limevaa nguo nzuri. Kilichovunja uongo ule ni miili ya wafu: waganga walipoipima walikuta alama za mapigo. Hapo Barbara Castle na wabunge wenzake walipata neno la kushika. Usiku wa siku ya 27 mwezi wa saba, Enoch Powell, mutu wa chama cha serikali yenyewe, alisimama akasema kwamba haifai kuwa na hukumu moja kwa Uingereza na nyingine kwa Afrika.

Miaka 54 ikapita. Siku ya 6 mwezi wa sita 2013, Waziri William Hague alikiri katika Bunge lile lile kwamba Wakenya waliteswa, akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Haki ilikawia sana. Wengi walikuwa wamekwisha kufa.

IV. Hata leo, na hata kwetu

Siku ya 28 mwezi wa kwanza 2025, vita ilipokuwa imeingia Goma, Waziri David Lammy alisema habari za mashariki ya Kongo mbele ya wabunge wa London, nao wakamuuliza. Siku ya 25 mwezi wa pili serikali yake ilitangaza kusimamisha sehemu kubwa ya feza inayopewa serikali ya Rwanda.

Lakini tusingoje London. Katiba ya Kongo ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 138, inawapa wabunge wetu njia ileile: ulizo la kinywa ao la maandiko, ulizo la mambo ya siku, kuita waziri ajieleze, tume ya uchunguzi, na kusikiliza watu katika kamati. Bunge la jimbo nalo lina kazi ya kuangalia serikali ya jimbo. Ni kweli kwamba toka mwezi wa tano 2021, utawala wa kijeshi wa dharura (état de siège) uliposhika Kivu ya Kaskazini, Bunge la jimbo lilisimamishwa. Pasipo mwenye kuuliza, ushahidi ulioandikwa unapata lazima zaidi, kwa maana unaweza kumungoja.

V. Linataka nini kwetu?

Tazama mambo haya yote: hakuna ulizo lililopata nguvu pasipo mutu wa pale pale aliyejua jina, siku na mahali. Sisi tumekwisha kufundishwa kazi hiyo. Sheria ya Eklezya inaagiza kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya wafu, na kisha maziko jina liandikwe. Padri anayeacha kitabu cha wafu kitupu wakati wa vita anawazika watu mara mbili.

Basi tushike haya. Andika ulichokiona mbali na ulichokisikia. Usiongeze hesabu: mwenye kusema mia pale walipokufa kumi na mmoja anawapa wauaji njia ya kumukana, amri ya nane inatufunga hata tunapotetea masikini. Linda mwenye kushuhudia: jina lake lisitoke pasipo ruhusa yake, lakini lisipotee. Na neno la kitubio halitiwi kamwe katika karatasi yoyote.

Kuuliza ni kazi ya wabunge. Lakini wafu wa Mapendo, wa Masisi na wa Rutshuru, nani atajua kuwahesabu kama si yule aliyewabatiza na kuwazika?