Mbu wa Kwale anavyoikojoa dawa

Umewahi kumwona mbu ametua juu ya chandarua kipya, chenye dawa, kisha akaruka zake kama hakuna kilichotokea? Ukiwa Ukunda, Msambweni au Lunga Lunga, pengine ulisema dawa ni feki. Si lazima. Huenda mbu mwenyewe ameivunjavunja.

Vyandarua vingi hutiwa pairethroidi, kemikali iliyoigwa kutoka kwa pareto. Huvuruga neva za mbu, akaanguka. Lakini wapo wanaozaliwa na vimeng'enya vingi vya kuvunja sumu, hasa vya jamii ya P450. (Usishangae: ini lako lina vya ukoo huohuo, ndivyo vinavyoshughulikia ile kahawa chungu ya jioni.) Hao hupona, huzaa, na watoto wao hurithi.

Kimeng'enya huipachika sumu oksijeni ili iyeyuke kwenye maji. Mabaki huchujwa na mirija mitano myembamba iliyo kama figo za mbu, yakashuka utumboni, yakatoka nje. Na kukojoa anajua! Hata akiwa bado anakunyonya utaona kitone nyuma yake.

Ndiyo maana siku hizi kuna vyandarua vilivyoongezwa PBO. Hii kazi yake kubwa si kuua, ni kuviziba vile vimeng'enya ili pairethroidi ifike kwenye neva ikiwa nzima.

Kwale ilijaribiwa njia nyingine: sumu iwe ndani ya damu yetu. Katika utafiti wa BOHEMIA, wanakijiji walimeza ivermectin mara moja kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, na vijiji vingine vikapewa albendazole, dawa ya minyoo. Ivermectin hushika sehemu tofauti kabisa ya neva na ile inayoguswa na pairethroidi, kwa hivyo mbu aliyezoea chandarua hukutana na kitu kigeni. Matokeo yalitoka Julai 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine: maambukizi ya malaria kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yalipungua kwa asilimia 26, tena mahali ambapo watu wengi tayari hulala ndani ya neti. Kwangu mimi hiyo si idadi ndogo.

Ila kuna kundi halikupewa ivermectin: wajawazito, na watoto wasiofikisha kilo 15. Mbu akiwauma hao hanywi sumu yoyote. Kwao bado ni chandarua, na ndio malaria huwaumiza zaidi.