Sherehe Chini ya Mwamba wa Kakapel

Kati ya mwaka 1856 na 1858, msanii Hiroshige wa Japani alibuni picha za kupigwa chapa kwa mbao kuhusu mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo. Mojawapo yaonyesha maandamano ya sherehe ya Sanno, ya dini ya Shinto. Picha ina anwani na jina la msanii, mtazamaji habahatishi.

Katika vilima vya Chelelemuk, kaunti ya Busia, mwamba wa Kakapel una picha zisizo na anwani: maumbo ya kijiometri yanayonasibishwa na Watwa, na ng'ombe waliochorwa baadaye. Chini yake wanaakiolojia walipata kunde za yapata miaka 2,300, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2024. Wachoraji hawapo kutufasiria. Hata hivyo, Wateso wamekuwa wakikutana hapo kwa tamasha la utamaduni wao, lenye ngoma na nyimbo.

Mwamba utadumu; msamiati wa sherehe wategemea vinywa vya wazee. Basi mwanafunzi wa Kiswahili atokaye Malaba au Busia na ayaandike majina ya Kiteso ya ngoma hizo, ayafafanue kwa Kiswahili, ili sherehe isije ikawa kama michoro ile: yaonekana, haisomeki.