MSUMBIJI: DAKTARI ALIPOONDOKA, MUUGUZI ALISHIKA KISU

Ndugu wafanyakazi, kila tunapotembelea matawi yetu ya mashambani tunakutana na lalamiko moja. Zahanati ipo, lakini mgonjwa akizidiwa usiku hakuna wa kumpasua, na daktari yuko mbali mjini. Waajiri hutujibu kuwa madaktari ni wachache. Ni kweli, ni wachache. Lakini jibu hilo lisiwe ndio mwisho wa mazungumzo. Hebu tuwatazame jirani zetu wa ng'ambo ya mto Ruvuma, waliopata shida hiyo kutushinda sisi.

Wakati wa utawala wa Wareno, madaktari wengi wa Msumbiji walikaa mijini, hasa Lourenço Marques, mji ambao leo unaitwa Maputo. Mkulima wa kijijini na kibarua wa shamba la chai au la miwa waliachwa wajitibu wenyewe. Nchi ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, Wareno walifungasha mizigo yao, na madaktari wakaondoka nao. Kati ya madaktari zaidi ya 500 walibaki chini ya 100, nao walitakiwa kuhudumia watu wapatao milioni 10.

Mwezi Julai mwaka huo huo serikali mpya ilitaifisha huduma za afya. Rais Samora Machel mwenyewe alikuwa muuguzi kabla ya kuingia katika vita vya ukombozi, na FRELIMO ilikuwa imekwisha kuzoea kufundisha watu wake kazi ya tiba. Hata hapa kwetu Mtwara walikuwa na hospitali yao wakati wa mapambano. Walikuja pia madaktari kutoka nchi rafiki, lakini mgeni huja na huondoka. Kisha vikafuata vita vya ndani, vilivyoanza 1977 na kwisha 1992. Zahanati nyingi zilichomwa, barabara zikafungwa, na majeruhi wakaongezeka.

Ndipo mwaka 1984 Msumbiji ilipochukua hatua ambayo wataalamu wengi wa dunia waliitilia shaka. Walichaguliwa wauguzi na waganga wa ngazi ya kati, watu waliokwisha kufanya kazi wilayani, wakafundishwa upasuaji kwa miaka 3. Miaka 2 walisoma Maputo katika hospitali kuu, na mwaka 1 walifanya mazoezi katika hospitali ya mkoa. Kwa Kireno wanaitwa técnicos de cirurgia. Sisi tunaweza kuwaita mafundi wa upasuaji. Hufanya operesheni ya mama aliyeshindwa kujifungua, ya ngiri, na ya majeruhi wa ajali.

Je, kazi yao ilikuwa hafifu? Uchunguzi uliotolewa mwaka 1996 ulitazama operesheni 2,071 za kina mama huko Maputo, zile za mafundi hawa na zile za madaktari bingwa. Haikuonekana tofauti kubwa katika hali ya mama wala ya mtoto. Mwaka 2002, katika hospitali za wilaya, operesheni kubwa za uzazi 92 katika kila 100 zilifanywa na mafundi hao. Maana yake ni kwamba bila wao, mama wa wilayani alikuwa karibu hana mtu.

Lakini jambo kubwa zaidi ni hili. Walipofuatiliwa mafundi hao baada ya miaka 7, mafundi 88 katika kila 100 walikuwa bado wanafanya kazi katika hospitali za wilaya. Madaktari waliopelekwa wilayani wakati huo huo walikuwa wote wamekwisha kuondoka. Hatuwalaumu madaktari, kila mtu hutafuta maisha. Tunachosema ni kwamba anayetoka wilayani na kusomeshwa kwa ajili ya wilaya ndiye anayebaki.

Hata hivyo tusidanganyike. Mtu akipewa kazi ya daktari kwa mshahara mdogo, huo ni unyonyaji, hata kama unafanywa kwa jina la taifa. Msumbiji yenyewe bado ina madaktari wachache, na mwaka 2013 madaktari wake waligoma mara mbili kudai maslahi, na katika mgomo wa pili watumishi wengine wa afya waliungana nao. Anayeshika kisu apewe cheo na mshahara wa kisu. Hilo ni jambo la vyama vya wafanyakazi, na sisi wa viwandani na mashambani hatuna budi kuwaunga mkono, maana maisha yetu yamo mikononi mwao.

Basi matawi yetu yafanye nini? Tusingoje mpaka mtu azidiwe ndipo tuanze kuulizana. Kila kamati ya tawi ijue leo majibu ya maswali haya. Kituo gani cha karibu kinafanya operesheni na kina damu ya akiba? Usiku gari gani litabeba mgonjwa, na ufunguo anao nani? Mafuta yanalipwa na nani? Majibu hayo yaandikwe katika mkataba wa hali bora, yasiachwe kwenye huruma ya msimamizi.

Na kila nyumba ya mfanyakazi ijue dalili hizi kwa mama mjamzito: kutoka damu, degedege, kuumwa sana kichwa na kuona giza, au uchungu uliozidi muda wa saa 12 bila mtoto kuzaliwa. Ikitokea mojawapo, gari liondoke papo hapo, kwa sababu mama anayevuja damu anaweza kufa katika muda wa saa 2 tu.

Mwajiri akisema tena kuwa madaktari ni wachache, tumjibu kuwa tunajua. Kisha tumwulize gari liko wapi.